Kanga Iliyohudhuria Mkutano

Nimewahi kukaa katika mkutano uliozungumzia kanga, kuanzia kengele ya kutoka kazini mpaka taa za barabarani zilipowashwa. Kanga moja. Haikuibwa wala haikuunguza mashine. Ilikuwa imekunjwa vizuri ikawekwa juu ya benchi, basi. Watu wazima wenye njaa, wenye miguu iliyovimba kwa kukanyaga cherehani tangu asubuhi, walikalishwa kuijadili. Mwenye kanga alikuwa mama yangu mdogo, na kilichokuwa kinatafutwa hasa ni kama afukuzwe kazi au abaki. Kila nikikumbuka nachemka upya.

Kiwanda chetu kilikuwa Chang'ombe, kinashona mashati ya shule na ya kazi. Nilipomaliza darasa la saba mama mdogo aliniombea nafasi. Nilikuwa naishi kwake Temeke, kwa hiyo asubuhi tulitoka pamoja kwa miguu na jioni tulirudi pamoja. Yeye alishona kola. Mimi nilikaa kwenye vifungo, meza ya mwisho karibu na dirisha, mahali palipokuwa pananifaa, maana mimi ni mtu wa kuona haya. Nikiulizwa jambo mbele za watu ulimi unakuwa mzito na masikio yanapata moto. Kifungo hakikuulizi kitu.

Kazi yenyewe haikutumaliza. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia mfanyakazi amechoka wanadhani kachoka na kazi. Ni kweli cherehani zilipiga kelele, vumbi la pamba lilituingia puani, na mgongo uliuma. Lakini uchovu wa kazi unalala nao usiku, ukiamka umekwisha. Uchovu wa mikutano ulikuwa hauondoki. Uliamka nao, ukaenda nao kazini, ukaurudisha nyumbani umenenepa.

Wenzangu wa zamani walinieleza kwamba hapo awali mikutano haikuwapo kabisa. Kiwanda kilikuwa cha tajiri mmoja wa kigeni. Mzee mpiga pasi, mtu wa kusini aliyekuwa na alama za moto mpaka kwenye viwiko, alipenda kusimulia wakati wa chai.

"Yule tajiri hakulijua jina langu. Akinitaka anapiga mluzi. Mluzi mmoja mie, miwili mwenzangu wa mashine ya kukatia. Serikali ilipokichukua kiwanda akaja meneja huyu, akasimama mbele yangu akasema, ndugu, wewe unaonaje? Nikageuka nyuma nione anamwuliza nani. Mie sijawahi kuulizwa naonaje, hata na mke wangu!"

Tulicheka. Lakini yeye aliirudia hadithi hiyo kila baada ya siku chache, na kila aliporudia alifika pale pa "unaonaje" akaweka kikombe chini. Kwa hiyo sikatai, mkutano ule wa kwanza ulikuwa jambo kubwa. Wanasema watu walikuja na nguo za sikukuu. Mtu aliyekuwa anaitwa kwa mluzi ana haki ya kusikilizwa, tena kwa kirefu. Sikasiriki kwamba tuliulizwa. Nakasirika kwa jinsi kitu kile kizuri kilivyogeuzwa mzigo, na mzigo wenyewe ukatwikwa juu ya vichwa vyetu, si juu ya kichwa cha aliyeuleta.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alitoka bara, amesoma, mpole, hakuwahi kumtukana mtu. Alivaa suti za mikono mifupi zilizopigwa pasi na mzee wetu, na kila mtu alimwita ndugu, mkubwa kwa mdogo. Aliamini kabisa kwamba watu wakizungumza wanakuwa huru, na wakizungumza zaidi wanakuwa huru zaidi. Sasa basi, akaanzisha mkutano wa uzalishaji. Tawi la chama nalo likawa na mkutano wake. Ukaja mkutano wa usafi, ukaja wa ulinzi, na siku moja tulikaa mkutano wa kupanga ratiba ya mikutano. Sifanyi utani.

Yote ilikuwa baada ya kengele ya kutoka. Kwake yeye mkutano ulikuwa ndiyo kazi. Ndiyo aliyoajiriwa kufanya, ameketi kwenye kiti chenye mgongo, na glasi ya maji mbele yake. Kwetu sisi mkutano ulikuwa kitu kinachokuja kazi ikiisha. Tulikaa bohari, kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, katikati ya majora ya kitambaa yaliyofanya hewa iwe nzito kama ya jikoni. Katibu, ambaye ndiye aliyekuwa karani wa ofisi, alianza kwa kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, neno kwa neno. Yakafuata yatokanayo, yaani kuyasema tena yale yaliyosomwa. Kisha ajenda. Kisha mengineyo, na huko kwenye mengineyo ndiko jua lilikokuwa linazama.

Kulikuwa na kanuni moja iliyonitesa kuliko zote. Kila mtu lazima aseme neno. Meneja alisema kimya ni ugonjwa tuliorithi kwa wakoloni. Kwa hiyo tulisimama mmoja mmoja, benchi kwa benchi, tukasema, "Ndugu Mwenyekiti, nami naunga mkono yaliyosemwa na mwenzangu," kisha tukayarudia yale ya mwenzetu, maana kuunga mkono tu kulihesabiwa uvivu. Nakumbuka tulivyojadili mlango wa choo, kama ufunguke kwa ndani au kwa nje. Wa kwanza alisema kwa nje. Wengine wote wakaunga mkono kwa nje, kila mmoja akitoa sababu zile zile kana kwamba kaziota yeye. Mimi nilipofikiwa nilisema "kwa nje" na sauti ikanikauka. Tulitoka giza limeingia. Mlango wenyewe uliendelea kufunguka kwa ndani mpaka nilipoacha kazi.

Na kutohudhuria usijaribu. Asiyehudhuria aliitwa mbele katika mkutano unaofuata, akaelezwa kwamba anarudisha nyuma maendeleo ya wenzake. Siku zile maneno hayo hayakuwa mepesi. Mtu aliweza kukosa kazi kwa maneno hayo, na majirani wakaanza kumtazama upande.

Hapo ndipo mama mdogo alipojifungua.

Alikuwa na mtoto wa kiume, mzuri, mwenye kilio kama cha filimbi. Mumewe alikuwa amekwenda kusini kwenye korosho za kwao, hatukumtarajia karibuni. Likizo ya uzazi ilipokwisha mama mdogo alirudi kwenye kola, mtoto akabaki kwa bibi mmoja, mpangaji mwenzetu wa chumba cha mbele. Bibi huyu aliuza mihogo ya kukaanga barazani kila jioni. Walipatana hivi: asubuhi mama mdogo anamnyonyesha, mchana bibi anampa uji mwepesi kwa kikombe, na alasiri kengele ikilia mama anarudi upesi kumnyonyesha tena, ili bibi akawashe jiko lake.

Nesi wa kliniki alimwambia wazi, nami nilikuwapo nimembeba mtoto. "Titi lisiponyonywa linakata. Ukilichelewesha leo, na kesho, na keshokutwa, linajua halihitajiki. Na maziwa ya kopo sasa hivi usiyategemee, dukani unayaona leo, kesho hakuna. Mnyonyeshe huyu mpaka atembee."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyashika maneno hayo kama mtu aliyepewa namba ya nyumba katika mji asioujua. Tangu siku ile, hesabu yake yote ya maisha ilikuwa moja: kufika Temeke kabla titi halijakata.

Na kati yake na Temeke kulikuwa na bohari.

Nilikaa naye benchi moja. Katibu akifika kwenye yatokanayo, maziwa yalianza kumtoka. Alikuwa amejifunga kanga mbili kifuani, lakini yalipenya, yakafanya duara mbili kwenye gauni. Alijikunyata, akaikunja mikono.

"Yananitoka," alininong'oneza.

"Omba ruhusa, mama mdogo."

"Nisemeje? Ndugu Mwenyekiti, maziwa?"

Aliomba, lakini si kwa mdomo wake. Alimtuma mwakilishi wa wanawake, mshona mikono ya mashati mmoja mwenye sauti, akasimama akasema kuna mwenzetu ana mtoto mchanga, aruhusiwe kuondoka mapema. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake yote. Kisha akatabasamu.

"Ndugu, tukimruhusu mmoja, kesho kila mtu atakuwa na mtoto."

Watu walicheka. Hata wanawake walicheka, kwa sababu meneja akifanya mzaha unacheka. Mama mdogo naye alicheka, mikono imefunika kifua. Mimi nilitazama majora ya kitambaa nikahisi masikio yanapata moto, na safari hii haikuwa haya.

Alianza kuisha. Sijui niseme vipi vingine. Alirudi nyumbani hasemi, anampokea mtoto kwa bibi aliyenuna, mtoto ameshashiba uji na amelala, haamki kunyonya. Anakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri aamke, na yeye mwenyewe analala akiwa ameketi, kijiko cha chakula chake mkononi. Kazini kola zake, zilizokuwa zikisifiwa, zikaanza kupinda. Siku moja alishona upande wa ndani ukatokea nje, fungu zima, asione. Sindano ikampitia kidole, akaitazama tu. Na si yeye peke yake. Mzee mpiga pasi aliunguza mashati mawili kwa siku moja, jambo ambalo hata siku za mluzi halikumtokea.

Meneja aliona kazi imeharibika. Unajua alifanya nini? Aliitisha mkutano, baada ya kengele, kujadili kwa nini watu wanaonekana kuchoka. Tukasimama mmoja mmoja. Wa kwanza alisema labda ni lishe. Wote tukaunga mkono lishe.

Jumapili iliyofuata tulikwenda bombani, mama mdogo na mimi. Aliyeishi Temeke miaka ile hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, kwa kuwa meneja wetu hakujua, na kutojua kwake ndiko kulikoleta yote. Bomba la mtaa lilikuwa moja na watu wengi, na maji yalikuja yanapotaka. Huwezi kusimama foleni siku nzima. Unaweka ndoo yako kwenye mstari, unakwenda kupika, kufua, kuzika, unarudi. Ndoo inasogezwa na walio nyuma yako, mpaka zamu yake ifike. Hakuna anayeipita. Aliyeipita ndoo ya mtu amempita mtu mwenyewe, na patachimbika.

Siku hiyo kijana mmoja mgeni aliiruka ndoo ya mama mdogo. Wanawake walimgeukia wote kwa pamoja.

"We kaka, huoni mtu hapo?"

"Mtu gani? Hii si ndoo?"

"Ndoo ndiyo mtu! Umetokea wapi wewe, mbona huna hata adabu za bomba?"

Kijana alirudi nyuma na madebe yake, watu wanamzomea. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ubavu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akaitazama ndoo yake iliyokaa pale kwenye mstari, imetulia, inamwakilisha, na yeye yuko kivulini anamnyonyesha mwanawe. Alisema tu, "Ahaa."

Mkutano uliofuata, kengele ilipolia tuliingia bohari pamoja. Alikaa mpaka meneja alipofungua kikao. Katibu alipoanza kusoma kumbukumbu, mama mdogo akafungua kanga yake ya juu, akaikunja mara nne, akaiweka mahali alipokuwa amekaa.

"Hiyo ni mimi," aliniambia. "Zamu yangu ikifika, sema naunga mkono."

"Mie? Mama mdogo, mie siwezi."

"Basi atasema mzee wa pasi." Akainama, akapita nyuma ya majora, akatoka kwa mlango wa mzigo.

Zamu ilipofika kwenye benchi letu, katibu aliita, "Mshona kola?" Kabla sijafungua mdomo, mzee mpiga pasi akaitikia kutoka nyuma, bila hata kufikiri, "Yupo, kanga yake hii hapa. Anaunga mkono." Na hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshangaa. Karibu wote tulikuwa watu wa Temeke, Tandale, Buguruni. Kila mmoja alikuwa na ndoo yake mahali fulani kwenye mstari saa ile ile. Meneja alikuwa ameinamia karatasi, akasema, "Mwingine."

Jioni ile bibi alianza kukaanga mihogo mapema, na mtoto alinyonya mpaka akatapika.

Jambo jema halikai kwa mtu mmoja. Mkutano wa pili mshona mikono aliacha kilemba. Fundi wa mashine aliacha kofia. Ikafuata miavuli, vikapu, sahani za kulia, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Na naapa tuliendesha vizuri. Aliyebaki aliwasemea walioondoka, na safari nyingine alibaki mwingine. Yalisemwa yale yale yaliyokuwa yakisemwa siku zote, kwa vile hata watu walipokuwapo walisema hayo hayo. Mashati hayakuungua tena. Kola zikanyooka. Kwa majuma machache yale tulikuwa na nguvu, na yeyote angekuja kutuuliza siri yake tungemwonyesha benchi.

Kisha siku moja meneja aliinua macho. Alikuwa ameuliza swali nje ya ajenda na jibu lilichelewa. Akaona kofia, vikapu, kanga, kiatu, na katikati yake sisi wachache.

"Ndugu, wenye vitu hivi wako wapi?"

"Wapo, Ndugu Mwenyekiti," mzee mpiga pasi alisema.

"Wapo wapi?"

"Hawa hapa." Akaonyesha kwa mkono, kwa heshima, kama anayetambulisha wageni.

Meneja alibadilika uso. Yeye alikaa nyumba ya kiwanda upande wa Kinondoni, bomba liko ndani, jikoni. Hakuwahi kusimamia ndoo. Alichokiona pale ni dhihaka. Alidhani tumemfanya mjinga, kwamba tumemgomea kimya kimya na kumwachia viatu vyetu atuhubirie. Akafunga kikao papo hapo, na kesho yake likatoka tangazo: mkutano wa wote, milango yote imefungwa, ajenda moja. Mtu aliyeanzisha ajulikane.

Hakuhitaji kutafuta. Mshona kola ndiye wa kwanza, kila mtu alijua, na mama mdogo mwenyewe alisimama akasema ni yeye.

Ndipo ukaanza mkutano wa kanga. Katibu aliikunjua akaiinua juu kama bendera. Akasoma maneno yaliyoandikwa: "Asante mama." Akauliza, mama huyo ni nani, na anashukuriwa kwa lipi? Je, yalikuwa maneno ya kuusema uongozi? Mmoja akasema ni maneno ya kawaida, kanga hiyo hata mkewe anayo. Mwingine akasema pamoja na ukawaida wake, kuiacha kwenye mkutano kunayapa maana. Wakabishana juu ya mama. Wallahi walibishana juu ya mama, na mama mwenyewe amesimama pale mbele yao, gauni limelowa!

Meneja alisema kwa uchungu, na naamini uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Ndugu zangu, tajiri hakuwasikiliza. Mimi nimewaachia mlango wazi mseme. Nanyi mnaniletea kanga. Mtu anayeuchezea mkutano hafai kukaa na wafanyakazi wenzake. Nataka kila mmoja aseme kama abaki au aondoke."

Mzee mpiga pasi alijaribu. "Ndugu Mwenyekiti, ni kama ndoo tu."

"Ndoo? Ndoo imeingiaje hapa?"

"Ya bombani. Unaiweka, unakwenda zako."

"Ndugu, tusitoke nje ya ajenda."

Basi ikaanza zamu, benchi kwa benchi. Watu walizungukazunguka, hakuna aliyesema aondoke, hakuna aliyethubutu kusema abaki. Jua likashuka. Mama mdogo alikuwa amesimama wakati wote huo.

Mlango uligongwa. Ukagongwa tena, kwa ngumi. Mlinzi akaufungua kidogo, na bibi jirani yetu akausukuma akaingia, amembeba mtoto anayelia ile filimbi yake.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza.

Meneja akasimama. Mila ni mila. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chukueni mtoto wenu. Mie si yaya wa Serikali. Mihogo yangu imeoza nasubiri, huyu kakataa uji, kalia kutoka Temeke mpaka hapa, watu njiani wananitazama kama nimemwiba. Mnazungumza nini hicho kisichokwisha?"

Katibu, kanga ikiwa bado mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Kanga, bibi."

"Kanga gani?"

"Hii."

Bibi aliitazama, akamtazama yeye. "Hii nilimnunulia mie alipojifungua. Ina nini?"

Kicheko kilianza nyuma kikafika mbele. Mama mdogo alimpokea mwanawe, na bila kumwomba mtu yeyote ruhusa akaketi kwenye benchi, akampa titi. Kanuni ilisema anayezungumza asimame. Yeye alizungumza ameketi, na hakupaza sauti.

"Ndugu Meneja, mie sikuuchezea mkutano. Niliusimamishia mtu, kama tunavyofanya kwetu. Kama mnataka niwepo mwenyewe, nitakuwepo. Tukutane asubuhi. Mashine zizimwe, tukae, tuzungumze mpaka tuchoke."

"Haiwezekani," meneja alisema. "Mashine zikizimwa ni hasara kubwa."

"Na sasa hivi, hasara anaipata nani?"

Aliuliza kama anayeuliza bei ya nyanya. Alisikika mtoto tu akivuta titi, akiliachia, akilia, akivuta tena. Meneja alisimama akiwa ameshika glasi yake ya maji. Hatimaye alisema kikao kimeahirishwa. Hakuna yatokanayo, hakuna mengineyo. Tulitoka na bibi, yeye akilalamikia mihogo njia nzima.

Mama mdogo hakufukuzwa, ila kanga zilikatazwa, na siku zote zilizobaki za juma lile tulikaa bohari mpaka giza, tukihesabiwa vichwa. Juma lililofuata meneja alitangaza utaratibu mpya. Mkutano utakuwa asubuhi, ndani ya saa za kazi, mashine zimezimwa, na watu watasimama palepale kwenye meza zao. Jambo lisilohusu kitengo fulani, kitengo hicho kiendelee na kazi. Anayekubaliana na mwenzake anyooshe mkono, inatosha.

Nilisimama kwenye mkutano wa kwanza wa aina hiyo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Meneja alikuwa anatazama saa. Kila mtu aliyeanza kurudia ya mwenzake, meneja alimkata kwa upole, "Tumekuelewa, ndugu." Kumbukumbu zilisomwa kwa kifupi. Mengineyo yalihamishiwa siku nyingine. Chai ilipoletwa tulikuwa tumekwisha kuwasha mashine. Kumbe iliwezekana! Miezi yote ile mkutano ulikuwa mrefu kwa sababu ulikula muda wetu, na muda wetu haukuwa na bei kwa mtu. Siku ulipoanza kula muda wa mashati, ukajua kufupika wenyewe.

Wakubwa kutoka mjini walikuja kuutazama utaratibu huo, wakampongeza meneja kwa kujali wafanyakazi. Alipongezwa mbele yetu, tukapiga makofi. Mzee mpiga pasi alipiga kwa nguvu, kwa moyo wake safi. Mimi nilipiga pia, viganja vikiniuma, meno nimeyabana.

Lakini jioni ya siku ile ya kwanza ya mkutano wa asubuhi, mama mdogo alitoka kengele ilipolia. Tulifika Temeke jua bado kali, bibi hajawasha hata jiko. Alikaa barazani bila kuvua viatu, akafungua vifungo vya gauni, akanyoosha mikono apewe mtoto. Mtoto akalishika titi, akavuta, akavuta tena. Akaliachia. Mama mdogo akambadilisha upande wa pili, akalikamua kwa vidole, halikutoa kitu. Mtoto akamgeukia bibi, akaanza kulia akitafuta kikombe.

Bibi alikuwa na kikombe mkononi. Hakukileta.

"Mpe," mama mdogo alisema, akifunga vifungo. "Mpe, mama, kashakizoea."